Breki Zinalia: Tafuta Kelele Inakotoka Kabla ya Kununua Pedi

“Breki zangu zinalia, ninunue pedi za aina gani?” Swali hili haliishi, hasa kwa wanaomiliki gari kwa mara ya kwanza, na jibu wanalopewa haraka haraka ni lile lile: badilisha pedi. Wengi wanabadilisha. Baada ya siku chache kelele inarudi, kwa sababu tangu mwanzo haikuwa ya pedi. Lilikuwa jiwe limebanwa nyuma ya diski (sahani ya chuma ambayo pedi huibana), au pini ya kalipa (kishikio cha pedi) imekauka, au beringi ya tairi imeanza kuchoka. Fedha imekwenda na hatari imebaki pale pale.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kufungua tairi isipokuwa siku ya pancha. Ukiufuata hutakuwa fundi, ila utaweza kusema mambo matatu: kelele inatoka tairi lipi, inatokea wakati gani, na kama gari linaweza kuendelea kutembea au liegeshwe hapo hapo. Nimeandika nikifikiria magari yaliyojaa barabara zetu, Vitz, IST, Raum, Probox na ndugu zao, yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika. Mengi yana breki za diski mbele na za dramu nyuma (kikombe cha chuma chenye breki shuu, vipande vya kusugua, ndani yake). Kama lako lina diski pande zote nne, hatua za dramu zipite.

Kelele ambazo hazisubiri

Soma sehemu hii kwanza, hata kama nyingine utazisoma kesho. Usiendeshe gari, hata “mpaka hapo gereji tu”, ukiona mojawapo ya haya:

- Ukikanyaga breki unasikia chuma kinasaga chuma, na mara nyingine unauhisi msago huo mguuni.
- Pedali inazama kuelekea sakafuni, au imekuwa laini kuliko jana.
- Gari linavuta upande mmoja kwa nguvu unapofunga breki.
- Tairi moja linatoa moshi au harufu ya kuungua.
- Taa nyekundu ya breki inawaka na handibreki umeshaiachia.
- Kuna majimaji upande wa ndani wa tairi, au mafuta ya breki kwenye kikopo yamepungua ghafla.

Hapo mwite fundi aje ulipo au litafutie gari la kuvuta. Msago wa chuma kwa chuma maana yake nyenzo ya pedi imekwisha na bati lake ndilo linalogusa diski. Kila kilomita unayoongeza inakula diski, na gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama.

Kelele zisizo na ugonjwa

Zipo pia kelele za kawaida, na watu wamepoteza fedha kwa kuzihangaikia.

Gari likilala nje, hasa msimu wa mvua au miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, uso wa diski unashika kutu nyembamba usiku mmoja tu. Asubuhi utasikia mkwaruzo ukikanyaga breki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kimya. Hiyo ni kutu inafutika. Kama mkwaruzo bado upo baada ya kilomita moja au mbili, si kutu tena.

Ukifunga breki kwa ghafla kwenye changarawe au lami yenye maji, pedali ikadunda mguuni na kitu kikanguruma mbele, hiyo ni ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga, inafanya kazi yake. Usiondoe mguu. Baadhi ya magari pia hutoa mlio mfupi wa mota mara tu yanapoanza kutembea baada ya kuwashwa, kwa sababu ABS inajipima.

Pedi mpya nazo zinaweza kukwaruza kidogo siku za mwanzo, mpaka zikae sawa na diski.

Vitu vya kuandaa

- Jeki, pamoja na stendi 2 za jeki. Stendi ni lazima. Jeki ni ya kuinulia, haikutengenezwa kushikilia gari wakati mtu ana mikono chini yake.
- Mawe 4 mazito au vigingi vya mbao vya kuzuia tairi.
- Spana ya tairi. Toyota ndogo nyingi zina nati za namba 21.
- Racheti na soketi za 12, 14 na 17.
- Tochi, na rula yenye milimita.
- Waya mgumu au kamba imara ya kuning’inizia kalipa.
- Glavu, barakoa na miwani ya kazi.
- Dawa ya kusafishia breki, ile ya kopo la kupuliza, na vitambaa safi.
- Grisi ya silikoni maalumu kwa pini za kalipa.
- Bolti 2 za M8 zenye uzi wa 1.25, za kusukumia dramu ikigoma kutoka.
- Mtu mmoja wa kukusaidia kusikiliza.

Fanyia kazi penye sakafu ngumu na tambarare. Kwenye mchanga au tope stendi zinazama. Na breki ziache zipoe, nusu saa au zaidi.

Hatua kwa hatua

1. Sikiliza kabla ya kugusa chochote. Hatua hii ndiyo watu wanaoiruka, na ndiyo yenye majibu mengi kuliko zote. Tafuta njia tulivu yenye ukuta mrefu pembeni, kwa sababu ukuta unakurudishia sauti ya tairi la upande huo. Zima redio na kiyoyozi, shusha vioo, endesha kwa kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Pita ukuta ukiwa kushoto, kisha rudi ukiwa kulia. Andika majibu ya maswali haya kwenye simu:

- Inalia unapokanyaga breki tu, au hata usipokanyaga?
- Kama inalia bila kukanyaga, je, inanyamaza ukikanyaga kidogo?
- Inaongeza mwendo kadiri gari linavyoongeza mwendo?
- Inabadilika ukikata kona?
- Inalia breki zikiwa baridi, au baada ya foleni na miteremko?
- Ukirudi nyuma inakuwaje?

Majibu haya ni muhimu kuliko aina ya mlio. Mtu mmoja atasema “inapiga filimbi”, mwingine “inalia kama panya”, na wote wanaeleza kitu kimoja. Lakini kelele inayotokea ukikanyaga tu, na kelele ya wakati wote inayonyamaza ukikanyaga, ni magonjwa mawili tofauti.

Sauti husafiri kwenye bodi ya gari na kumdanganya dereva. Kwa hiyo mweke msaidizi asimame kando ya njia, mbali na tairi, wewe upite polepole ukifunga breki mbele yake, mara moja kila upande.

2. Tenga mbele na nyuma kwa handibreki. Kwenye uwanja mtupu, gari likiwa kwenye kilomita 10 kwa saa, shikilia kitufe cha handibreki kikiwa kimebonyezwa na uvute polepole. Handibreki ya magari haya inashika tairi za nyuma peke yake. Kelele ile ile ikitokea, tafuta nyuma. Isipotokea, anza na mbele. Kama gari lako lina handibreki ya kukanyaga kwa mguu au ya kitufe cha umeme, acha jaribio hili.

3. Linganisha joto. Endesha dakika kumi kwa kawaida, simama, kisha peleka kiganja karibu na rimu ya kila tairi bila kuigusa. Kulia na kushoto zinapaswa kukaribiana. Tairi moja ikitoa joto kali kuliko mwenzake, breki ya hapo haiachii: pini zimekwama, pistoni (inayosukuma pedi) imekwama, au mpira wa breki (bomba la mafuta ya breki) umeziba kwa ndani.

4. Angalia kikopo cha mafuta ya breki. Usawa uwe kati ya alama za MIN na MAX. Pedi zikila, mafuta hushuka taratibu, kwa hiyo kushuka kidogo kunaweza kuwa dalili ya pedi kuisha tu. Usiongeze mafuta kabla ya kuziona pedi. Ukija kurudisha pistoni ndani, yatamwagika, na mafuta haya yanababua rangi ya gari. Aina inayotakiwa imeandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 zinaweza kuchanganyika, ila DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo kabisa.

5. Kagua nati za tairi. Kabla ya kuinua gari, jaribu kila nati kwa spana. Nati zilizolegea hugonga na kulia, na watu wamewahi kufungua breki nzima kumbe ugonjwa ulikuwa hapa. Zikiwa sawa, zilegeze robo mzunguko tu wakati tairi bado ziko chini.

6. Inua gari kwa usalama. Ukiinua mbele: vuta handibreki, weka mawe nyuma ya tairi za nyuma. Ukiinua nyuma mambo yanabadilika, kwa sababu utahitaji kuiachia handibreki ili dramu izunguke. Hapo weka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, na gia iwe kwenye P, au gia namba moja kwa gari la gia za mkono (manyuo). P inazuia tairi zinazovutwa na injini, na kwa Vitz, IST na Raum za kawaida hizo ni za mbele. Ukiinua mbele gari la namna hiyo, P haina msaada wowote. Kinachokulinda ni handibreki na mawe. Weka stendi kwenye sehemu za kuinulia zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, shusha uzito juu yake, kisha lisukume gari kidogo kwa mkono. Likicheza, panga upya.

7. Zungusha tairi na ulitikise. Kama umeinua mbele, gia iwe huru; kama umeinua nyuma, iache kama ilivyo hatua ya 6. Zungusha kwa mkono ukisikiliza. Mgusano mwepesi wa pedi ni wa kawaida. Mkwaruzo unaorudi mahali pamoja kila mzunguko unaashiria diski au bati la vumbi (bati jembamba nyuma ya diski) lililopinda. Mkwaruzo mfululizo kama wa mchanga unaweza kuwa beringi: weka mkono kwenye springi ya shokapu huku unazungusha, na beringi mbovu utaihisi ikitetema. Kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi (kiungo cha chini kinachoshikilia tairi), na pedi mpya hazitalisaidia.

8. Vua tairi, uzione pedi zote mbili. Hapa nakuomba utulie. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuchungulia kupitia matundu ya rimu, kuiona pedi ya nje ina nyama, na kusema “pedi bado”. Kila diski ina pedi mbili, na ya ndani ndiyo inayosukumwa moja kwa moja na pistoni. Mara nyingi inakwisha mapema, na huioni bila kupiga tochi kutoka juu au nyuma ya kalipa. Gari linaweza kuwa na pedi ya nje ya milimita 7 huku ya ndani inasaga chuma.

Pima nyenzo peke yake, bila bati lake la nyuma. Pedi mpya huwa na milimita kama 10. Ikifika 3, nunua. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma kilichowekwa makusudi kiguse diski zinapokaribia kuisha. Ndicho kinachotoa mlio mwembamba, mkali. Hilo ni onyo la mapema, na ukilisikia una muda wa kujipanga, lakini usiugeuze kuwa mwezi.

Tazama pia zinavyokula. Ya ndani ikiwa imekwisha sana kuliko ya nje, au pedi moja imekula mshazari, tatizo ni pini za kalipa au pistoni. Ukiweka pedi mpya bila kulitibu hilo, mpya nazo zitakula vile vile.

9. Soma uso wa diski. Mistari myembamba ni kawaida. Mifereji inayoshika ukucha si kawaida. Madoa ya bluu ni alama ya joto kali. Uso unaong’aa sana, na pedi zinazong’aa hivyo hivyo, unaonyesha breki zilipikwa: hutokea kwa wanaoshuka miteremko mirefu kama Kitonga au Mai Mahiu mguu ukiwa kwenye pedali njia nzima badala ya kutumia gia ndogo. Pedi zilizopikwa hupiga kelele na kushika vibaya hata zikiwa nene.

Ukingo wa kutu pembezoni mwa diski ukikua mrefu, unaweza kugusa pedi na kukwaruza. Diski inaweza kuchongwa kwenye mashine ya kuchongea vyuma, lakini kila diski imeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa kawaida kwa maneno MIN TH na namba ya milimita. Mchongaji apime kwa maikromita kwanza. Ikiwa chini ya namba hiyo, au itashuka chini yake baada ya kuchongwa, ni ya kutupa.

Sasa piga tochi kati ya diski na lile bati jembamba la vumbi nyuma yake. Kwa wanaopita barabara za vumbi na changarawe, hapa ndipo jiwe dogo hujificha na kutoa ukelele wa kutisha, mkali, wa wakati wote, unaoweza kubadilika au kuisha ukirudi nyuma. Livute bati taratibu kwa vidole, jiwe lidondoke, kisha lirudishe lisiguse diski.

10. Jaribu pini za kalipa. Shika kalipa, isukume ndani na nje. Inapaswa kuteleza kidogo bila kugonga. Kwa nyingi za Toyota hizi unafungua bolti ya chini ya pini, mara nyingi ya 14, na kalipa inainuka juu. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining’inie kwenye mpira wa breki, mpira unaumia kwa ndani bila kuonyesha nje. Na kalipa ikiwa wazi, mtu yeyote asikanyage pedali, la sivyo pistoni itatoka.

Pini inapaswa kuteleza kwa nguvu ya vidole. Ikiwa kavu au ina kutu, ifute, paka grisi ya silikoni kidogo, hakikisha kifuko chake cha mpira hakijapasuka. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapa kwa sababu inavimbisha mipira, na baada ya muda pini inakwama zaidi ya mwanzo. Angalia pia kama vibati vya kushikilia pedi vipo vyote. Pedi zisizo na vibati vyake hucheza na kugonga kwenye mashimo, na ni jambo la kawaida kukuta havipo kwa sababu mtu aliyebadilisha pedi mwisho hakuvirudisha.

11. Fungua dramu za nyuma, kama majaribio yamekuelekeza huko. Achia handibreki. Dramu ikigoma, tafuta matundu 2 yenye uzi kwenye uso wake, ingiza bolti za M8, kaza moja kidogo kisha nyingine kidogo, itajisukuma. Usiipige kwa nyundo ya chuma.

Ndani utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki shuu za zamani na baadhi za bei rahisi zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa hicho. Kisha kagua: unene wa nyenzo ya shuu (chini ya milimita 1 imekwisha, na mimi nisingesubiri ifike hapo), springi zilizokatika, mifereji ndani ya dramu, na silinda ndogo ya juu. Ukiona ulowevu kwenye silinda, inavuja. Ni kazi ya fundi na haisubiri. Hapa pia pedali isikanyagwe dramu ikiwa nje.

12. Rudisha kila kitu, kisha pampu pedali. Kaza nati kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa limeshuka. Kwa Toyota ndogo nyingi mkazo ni Nm 103 (nyutoni mita, kipimo cha spana ya kupimia). Kama huna spana ya kupimia, kaza kwa mkono wako bila kurukia spana, kisha pita gereji wakupimie. Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kama ulirudisha pistoni ndani na ukaondoka bila kupampu, mkanyago wa kwanza barabarani hautakamata kitu. Jaribu breki kwa mwendo wa mguu kabla ya kutoka getini, na rudia kukagua nati baada ya kilomita 50 hadi 100.

Mambo ya kutofanya, hata ukishauriwa

Usipake mafuta, grisi wala dawa ya kulainisha kutu kwenye diski au pedi ili “zisilie”. Zitanyamaza, na gari halitasimama. Pedi ikishalowa mafuta haioshwi kwa petroli ikapona. Inatupwa, na mwenzake wa upande wa pili pia.

Usibadilishe upande mmoja peke yake. Pedi na breki shuu hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto, la sivyo gari litavuta.

Usimwagie maji diski za moto. Ukitoka safari ndefu ukaingia kuosha gari, waambie waanze na paa, tairi ziwe za mwisho.

Kelele na mahali pa kuanzia

*Mlio mwembamba ukikanyaga.* Kibati cha onyo, pedi zilizopikwa, au pedi zisizo na ubora. Rudi hatua ya 8 na 9.

*Mlio mwembamba wakati wote, unaonyamaza ukikanyaga kidogo.* Mara nyingi kibati cha onyo kimeanza kugusa, au pedi inacheza bila vibati vyake.

*Ukelele mkali ghafla baada ya barabara mbaya.* Jiwe, au bati la vumbi limepinda. Karibu kila mara ndilo jibu.

*“Tik” moja unapofunga breki baada ya kubadili kutoka nyuma kwenda mbele.* Pedi zinasogea kwenye nafasi yake. Angalia vibati na bolti za kalipa.

*Mgongano mzito, “ngo!”, ukifunga breki kwa nguvu.* Bolti za kalipa, bushi (mipira) za kontrol amu, mkono wa chuma unaoshikilia tairi, au boljointi. Usiichukulie kirahisi, maana bolti ya kalipa iliyolegea inaweza kuangusha kalipa.

*Mvumo unaokua na mwendo, breki haziubadilishi.* Beringi, au tairi lililokula vibaya. Ukikata kulia uzito unaegemea tairi za kushoto. Mvumo ukiongezeka hapo, anza na beringi ya kushoto.

*Kutetemeka kwa usukani au pedali ukifunga breki kwenye mwendo mkubwa.* Diski haina unene sawa pande zote. Usukani ukitetemeka, anza mbele.

*Mlio wa “kwi” nyuma kila ukikanyaga, hata gari likiwa limesimama.* Shuu zinasuguana na bati lake la nyuma lililokauka. Fundi asafishe na kuweka tone la grisi ya joto kali kwenye sehemu za mgusano tu, mbali na nyenzo.

*“Sss” ndani ya gari ukikanyaga, na pedali imekuwa ngumu.* Shuku busta ya breki (kifaa kinachoongezea nguvu mkanyago wako) au mpira wake wa upepo. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa huku unawasha. Inapaswa kushuka kidogo injini ikiwaka. Isiposhuka, busta haisaidii.

*Nimebadilisha pedi na bado zinalia.* Uliza mambo manne: vibati vipya au vya zamani vilirudishwa? Pini zilisafishwa? Diski ilikaguliwa, au pedi mpya ziliwekwa juu ya mifereji ya zamani? Na je, pedi zilizoeshwa? Kuzoesha ni hivi: kwenye barabara tupu, toka kilomita 50 kwa saa hadi 15 kwa mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa, mara 8 hadi 10, ukiacha nafasi ya kupoa kila mara. Kisha endesha dakika chache bila kufunga breki zaidi ya inavyolazimu. Kwa kilomita 200 au 300 za mwanzo epuka kufunga breki kwa ghafla, isipokuwa usalama ukikulazimisha. Haya yote yakiwa sawa na bado zinalia, zitilie shaka pedi zenyewe. Kariakoo (Dar es Salaam) na Kirinyaga Road (Nairobi) utapata pedi za bei ya kushangaza zenye boksi la jina kubwa. Ulinganishe uchapaji, namba ya spea na uzito wake na zile ulizotoa kabla ya kulipa.

Ukifika kwa fundi

Usimwambie “breki zinalia”. Mwambie ulichokiandika: “Inalia mbele kushoto, nikikanyaga tu, baada ya foleni, na pedi ya ndani ina milimita 3.” Mwombe muende pamoja barabarani aisikie kabla hajafungua. Akishabadilisha, omba uone vilivyotolewa, vya pande zote mbili, na mpite tena njia ile ile yenye ukuta, vioo vikiwa chini, kabla hujalipa.